Majembe Saba ya Kuazima

Walisema sitaotesha hata mchicha. Nilikuwa nimerudi kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, na diploma ya kilimo na viatu vya ngozi. Jirani yetu, mzee aliyelima nyanya siku nyingi, akaniuliza mbele ya watu, "Mwanangu, hiyo karatasi unaipanda kwa mstari au unaimwaga tu?"

Wakacheka. Mimi nikaenda kambi ya watu wa gesi, nikamwahidi mpishi mkuu nyanya nzima, si kama zile zinazopondeka njiani kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Mama mdogo akanipa shamba. Majirani saba, pamoja na yule mzee, wakaniazima majembe.

Nyanya zilipoanza kuzaa, majani ya chini yakawa ya manjano, upande mmoja tu. Mchana mche unalala, jioni unainuka, siku ya nne hauinuki tena.

"Wamekuroga," alisema mama mdogo.

Nikapasua shina. Ndani palikuwa na mstari wa kahawia, rangi ya chai kavu. Wengine wangelia, mimi nilifurahi, maana nilimjua. Ni kuvu wa udongoni. Hulala ardhini miaka mingi ndani ya ganda gumu. Mzizi wa nyanya ukipita karibu, huamka, huingia, hupanda mishipa ya maji na kuiziba. Mmea ukifa kwa kiu, yeye hurudi udongoni kulala.

"Na hapa kafikaje? Ana miguu?" akauliza mama mdogo nilipomweleza.

Nikayatazama majembe. Kwetu jembe la kuazima hurudishwa na udongo wake. Ukiliosha, umemwambia mwenyewe kuwa ni mchafu. Nilikuwa nimeyapokea hivyo hivyo, mimi mwenye diploma, na kulima nayo siku hiyo hiyo.

"Miguu yake ndiyo hiyo, mama."

Nikang'oa miche yote na kuichoma. Nikaosha majembe, nikapitisha vyuma motoni, nikahamia kipande kingine, kilichozoea mtama, na mbegu inayostahimili ugonjwa ule. Zilipoiva, mpishi alichukua makreti yote, akauliza mengine yako wapi. Nani mwingine pale angeweza? Sikumwona.

Siku ya kurudisha, nilipita nyumba kwa nyumba na majembe yanayong'aa na beseni la nyanya. Yule mzee nilimfikia mwisho.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akaligeuza jembe. "Umeliosha? Lilikukera nini?"

"Nyanya zako zimenyauka mwaka huu?"

Akang'ata nyanya yangu, akatafuna polepole, kisha akamwita mkewe alete maji. Ukumbini kulikuwa na majembe mengine mawili, bado na udongo wake.