Lusungu na friji iliyonyamaza Mtoni

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Kimara. Lusungu Mwambene anavuta kiti hadi penye meza ya kulia chakula, anasogeza pembeni chupa ya chai na vikombe, kisha anafungua kompyuta. Binti yake Asifiwe, sare ya shule mwilini na soksi moja mguuni, anazunguka sebuleni akitafuta ya pili.

Kwenye kioo hakuna picha wala rangi. Kuna kidirisha cheusi tu. Lusungu anaandika mstari mmoja wa amri, anabonyeza kitufe na kusubiri. Mistari inaanza kushuka polepole: jina la friji, saa, nyuzi joto. Zahanati ya Mbezi, nyuzi nne. Duka la dawa la Sinza, nyuzi tano. Maziwa Kimara, nyuzi tatu.

Juu kabisa limetoka jina moja lenye alama ya nyota. Ni friji ya chanjo ya zahanati moja ya binafsi huko Mtoni, Temeke. Mstari wake wa mwisho ni wa saa tisa usiku. Baada ya hapo hakuna kitu.

“Haijasema ina joto, haijasema ina baridi,” anasema Lusungu huku akichukua simu. “Imenyamaza.”

Anayempigia ni Nesi Mwamvita, msimamizi wa chanjo katika zahanati hiyo. Simu inapokelewa mara moja.

“Dada Mwamvita, za asubuhi. Friji yako imenyamaza tangu saa tisa.”

“Imenyamaza au imekufa?”

“Hilo sijui. Ndiyo maana nimekupigia.”

“Lusungu, leo siku ya chanjo. Kina mama watakuwa pale saa mbili.”

“Najua, dada.”

“Na mlinzi wangu hapatikani. Umeme ukikatika kule, na simu yake inakatika. Haya, navaa hapa. Usinipigie, nitakupigia mie.”

Chanjo hutunzwa kati ya nyuzi mbili na nane. Ikikaa kwenye joto kwa muda hupoteza nguvu, na mtu hawezi kulijua hilo kwa kuinusa kama maziwa. Friji ya Mtoni ikiwa imepata joto, kina mama watakaofika na watoto mgongoni watarudishwa nyumbani. Mama aliyerudishwa mara moja, Mwamvita amewahi kumwambia Lusungu, humpati kirahisi wiki inayofuata. Ana biashara yake, ana foleni ya maji, ana mambo yake.

Kwa hiyo asubuhi hii Lusungu ana jambo moja tu la kufanya, nalo ni kusubiri. Anamimina chai.

Ana umri wa miaka thelathini na mitatu. Kampuni anayofanyia kazi ni ndogo, iko Sinza, juu ya duka la mapazia. Inafunga visanduku vya kupima joto kwenye friji za zahanati, maduka ya dawa na wauza maziwa. Kila baada ya dakika kumi kisanduku hutuma kipimo chake kwenye seva za kukodi zilizo nje ya nchi, zile ambazo watu wa kazi hii huziita wingu. Vipimo vinakaa huko. Kazi ya Lusungu ni kuvifuata na kuvirudisha Dar es Salaam, vikiwa na saa zake sahihi, kwa sababu saa ya seva iko nyuma ya saa ya hapa.

“Mama yangu yuko Tukuyu. Aliniuliza nafanya kazi gani mjini,” anasimulia. “Nikamwambia kazi yangu ni kuuliza. Nauliza, kompyuta inajibu. Akasema basi hiyo kazi umeianza ukiwa na miaka mitatu, tofauti ni kwamba sasa unalipwa.”

Hakusomea kompyuta chuoni. Alipomaliza kidato cha nne aliajiriwa katika steshenari moja ya Sinza, akichapa barua za watu na kutoa nakala. Erasmus, mwenye kampuni ya visanduku, alikuwa mteja wa pale. Alipohitaji mtu wa kupokea simu za wateja alimchukua yeye, kwa mshahara wa laki mbili na nusu kwa mwezi. Leo umefika laki sita.

Alipoanza kufuatilia friji pia, ukurasa wa intaneti wenye michoro ya joto, ambao wenzake ofisini waliutumia kutazama friji, haukufunguka nyumbani kwake Kimara. Kifurushi cha intaneti kilikuwa kidogo na mtandao ulikuwa wa kuvizia. Erasmus akamwonyesha njia nyingine: kuandika amri na kuletewa namba tupu.

“Namba hazili bando,” anasema Lusungu. “Nilianza na amri moja, nikaikariri kama dua. Nikibadilisha neno, inagoma. Nasoma inalalamikia nini, nabadilisha tena. Miezi inaenda. Baadaye nikajifunza kuandika programu fupi ya kuuliza friji zote kwa pamoja, maana kuuliza moja moja nilikuwaga namaliza saa nne.”

Nyota iliyo mbele ya jina la Mtoni ina historia yake. Mwaka jana, msimu wa mvua, Tusajigwe, mama anayeuza maziwa hapo hapo Kimara, alifungua duka Jumatatu akakuta maziwa yote yameganda na kuchacha. Alipiga simu ofisini kwa hasira. Walipofungua ukurasa wa michoro, waliona mstari ulionyooka vizuri kutoka Jumamosi jioni hadi Jumatatu asubuhi. Friji ilikuwa salama, mchoro ulisema.

Lusungu alitumwa kwenda kumweleza, akiwa na mchoro uliochapishwa. Tusajigwe aliuangalia kwa utulivu, akaurudisha.

“Huu mstari wenu mzuri sana, mdogo wangu,” alimwambia. “Maziwa yangu ndiyo hayaujui.”

Jioni ile Lusungu aliuliza upya kwa namba. Mistari ya Jumapili haikuwepo, hata mmoja. Mchoro ulikuwa umeunganisha kipimo cha mwisho cha Jumamosi na cha kwanza cha Jumatatu, kana kwamba katikati hakukutokea jambo. Na ujumbe wa tahadhari haukutumwa kwa sababu ulipangwa uende joto likizidi nyuzi nane. Kisanduku kisichosema kitu hakizidishi chochote.

Kilichotokea dukani kilikuwa cha kawaida kabisa. Umeme ulikatika, kijana wa zamu akachomoa friji ili umeme usije kurudi na nguvu ukaiunguza. Kisanduku nacho kilikuwa kimechomekwa kwenye waya huo huo. Kisha kijana akaenda zake bila kuichomeka tena.

“Sikuweza kumlaumu,” anasema Lusungu. “Hata mimi hapa nachomoa. Nyumba gani Dar hawachomoi? Sie ndio hatukufikiria. Tuliweka kisanduku kama vile watu wa hapa ni wengine.”

Tangu hapo programu yake inahesabu kwanza mistari inayotakiwa kuwepo. Friji yenye pengo inapanda juu ya nyingine zote, na nyota mbele yake.

Saa moja na dakika kumi simu inaita. Lusungu anaweka sauti ya nje.

“Nimefika,” anasema Mwamvita, akihema. “Zungumza na mwenyewe kwanza.”

Mwenyewe ni Mzee Salumu, mlinzi wa zahanati.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimezima mie, tena swichi kubwa. Umeme ulikuwa unacheza, unakuja unakwenda, unakuja unakwenda. Nikasema huu utaua friji ya watoto. Mwaka juzi uliniulia redio.”

“Umefanya vizuri kuzima, mzee.”

“Kuzima nimefanya vizuri. Kuwasha ndiko nimepitiwa. Nimeenda kuswali, nimerudi, nimekaa. Wala hakuna aliyeniuliza.”

“Ulikuwa huna chaji, Mzee Salumu,” anasikika Mwamvita. “Ningekuulizia wapi?”

Kuna mlio wa mlango. Lusungu ameweka kikombe chini, macho yake yako kwenye simu. Ndani ya friji ya Mtoni mna kipimajoto kingine cha kawaida, cha kusoma kwa macho, na ndicho Mwamvita anakitazama sasa.

“Inasoma saba.”

“Saba na ngapi, dada?”

“Saba kavu. Mlango haukufunguliwa na barafu za pembeni bado ni ngumu. Subiri.”

Mwamvita anatoa vichupa kimoja kimoja na kuangalia alama ndogo iliyo kwenye lebo, ambayo hugeuka rangi dawa ikipata joto. Kuamua kama chanjo inafaa si kazi ya Lusungu, na haulizi.

“Alama ziko sawa zote,” anasema Mwamvita hatimaye. “Chanjo ipo. Mzee, washa swichi yako. Na hao walio getini waambie waingie, wakae kivulini.”

Lusungu anaandika amri ile ile ya asubuhi. Mtoni bado ina nyota. Anakunywa chai iliyopoa, anaandika amri tena. Safari hii mstari mpya umeshuka chini ya ule wa saa tisa: nyuzi saba. Baada ya dakika kumi unakuja mwingine: nyuzi sita na nusu.

Erasmus amekubali kuagiza visanduku viwili vya majaribio vyenye betri ndani, ili umeme ukizimwa viendelee kusema. Kimoja kitafungwa Mtoni. Lusungu naye anaandika programu itakayokuwa ikiuliza yenyewe usiku kucha, na kumpigia mwenye friji kisanduku kikinyamaza nusu saa. Kwa Mtoni ameweka namba mbili, ya Mwamvita na ya Mzee Salumu, ambaye zahanati imeahidi kumpatia betri ya akiba ya simu.

“Natamani siku niamke, niulize, nisikute nyota hata moja,” anasema. “Si kwamba umeme haukukatika. Ni kwamba waliopaswa kujua walishajua kabla yangu.”

Asifiwe amesimama mlangoni, begi mgongoni, soksi zote mbili miguuni.

“Sasa mama, si utakuwa huna kazi?”

Lusungu anafunga kompyuta na kutafuta funguo za nyumba.

“Nitauliza mengine,” anamjibu. “Soksi ya pili umeikuta wapi?”