Bloki ya Shaba na Ukuta Usiofika Juu

Mama aliletwa kwangu Kibondo kutoka Makere akiwa haoni tena. Presha ya macho ilikuwa imemaliza kazi yake, jicho moja kwanza, la pili baadaye, na sasa moyo nao ulikuwa umechoka. Hospitali walimpa dawa za kupunguza maji mwilini, kisha wakamwita dada yangu pembeni wakamwambia turudi naye nyumbani, tukae naye. Maneno hayo kila mtu anajua maana yake. Dada alihamia kwangu ili amhudumie, na mama tukampa chumba cha katikati, kwa sababu ndicho chenye joto. Jioni za Kibondo zina baridi ambayo mtu wa Dar haiamini mpaka imkute.

Upande wa pili wa ukuta wa chumba hicho ndipo nilipofanyia kazi. Napiga video za harusi, za kipaimara na za mazishi, kisha nazikata na kuziunga kwenye kompyuta. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na kuta za ndani hazifiki juu. Dari sikuwahi kuweka, kwa hiyo kati ya ukuta na bati kuna uwazi mkubwa, na ukipiga chafya chumbani wanakuombea afya jikoni. Kabla mama hajaja sikuona ubaya wowote.

Kompyuta yangu ni ya mtumba. Prosesa yake ina nguvu kweli, lakini inachemka vibaya. Ikianza kupika video, yaani kuunganisha vipande vyote kuwa faili moja, feni iliyokuwa juu ya prosesa ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi, na kazi ya kupika harusi moja huchukua mchana mzima. Nilishapuliza vumbi letu jekundu, nilishabadilisha ile pesti nyeupe ya kupitishia joto. Ilitulia kidogo, ikarudia tabia yake.

Wageni wa mgonjwa ndio walionianzishia habari ya kelele. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Watu wanakuja na mkungu wa ndizi, na maharage, wanakaa, wanaomba, na wakati huohuo macho yao yanatembea nyumba nzima. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawa wangu walikuja mwenyeji akaguliwe. Jirani mmoja, mama mtu mzima wa kwaya, alitoka kumsalimia mgonjwa akaja kusimama mlangoni pangu.

"Mwanangu, mama yako analalaje na kishindo hiki?"

"Hajalalamika, mama."

"Mzazi atalalamikaje kwa mtoto anayemlisha? Atameza tu."

Nilikasirika, na nilikasirika zaidi kwa sababu niliona anasema kweli. Mama hakuulizwa. Nani anamuuliza mgonjwa kama anataka kimya? Hivyo ndivyo nilivyofikiri mimi, na jirani, na dada, na kila aliyevua viatu kwenye kizingiti chetu.

Nikaamua kuipooza prosesa kwa maji. Jambo lenyewe si la ajabu, gari linafanya hivyo kila siku. Feni inaondolewa, mahali pake kinakaa kibonge cha chuma chenye njia nyembamba ndani, kinaitwa bloki ya maji. Pampu inasukuma maji, maji yanapita ndani ya bloki na kubeba joto, yanakwenda kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Kazi ngumu ni kuchagua bloki. Ikikosea miguu ya kushikia, haikai kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ikikosea madini, inaozesha mzunguko mzima.

Kasulu kuna mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya umeme, kwao ni Tanga, na mpwa wake yuko Dar. Nilimwendea na prosesa yangu nimeifunga kwenye kitambaa kama yai.

"Maji ndani ya kompyuta," akasema. "Mwanangu, si useme tu kama kazi imekuchosha?"

"Ni kwa ajili ya mama, mzee. Anahitaji kupumzika."

Utani ukamtoka. Akampigia mpwa wake palepale, na kabla chai haijapoa picha zikaingia kwenye simu. Ya kwanza ilikuwa ya alumini, nyepesi. Ya pili ilikuwa na kifuniko cha kioo na taa za rangi, ungedhani ni jukwaa la disko. Ya tatu ilikuwa shaba tupu chini, kifuniko cheusi juu, haina maringo. Mzee aliipenda ya taa. Alisema mteja akiingia studio akaona taa zinacheza, ataheshimu. Nikamwambia anayelala upande wa pili haoni taa. Ya alumini niliikataa kwa sababu rejeta aliyokuwa nayo dukani ilikuwa ya shaba, na shaba na alumini zikinywa maji mamoja zinalana polepole. Nikabaki na ile ya tatu, nikamwomba mpwa apige picha ya chini, nihesabu mashimo ya miguu na kuona kama uso wake umenyooka. Mimi si mtu wa kuamini neno la muuzaji. Nilichagua bloki ile kwa makini kuliko nilivyowahi kuchagua kitu chochote, hata kamera yangu.

Ilipofika nilifanya kila kitu taratibu. Ndani nilitia maji ya betri, yale yaliyochujwa, maana ya bomba yetu yana udongo. Nilizungushia tishu kila kiungo nikaacha pampu izunguke siku nzima bila kuwasha kompyuta, nione kama kuna tone. Pampu niliikalisha juu ya sponji la godoro isitetemeshe meza. Rejeta niliiweka dirishani, kwenye ubaridi wetu wa bure. Kisha nikaweka harusi nzima ipikwe, nikasubiri. Hakuna ngurumo. Niliweka sikio juu ya boksi nikasikia mnong'ono wa maji tu. Joto lilikuwa limeshuka hadi nikadhani kipimo kimeharibika. Dada alichungulia akanionyesha dole gumba. Jirani wa kwaya alipokuja alisema sasa nyumba ina heshima. Nilifurahi, sitaficha, nilitembea ndani ya nyumba yangu kama mtu aliyejenga daraja.

Ndipo mama akaanza kuita. Mwanzoni mara chache, halafu kila nikikaa. "Uko wapi?" Nakwenda, namkuta hana haja ya maji wala ya kugeuzwa. Anashika mkono wangu, ananiachia. Nikirudi kwenye kiti, anaita tena. Dada alisema ugonjwa umepanda kichwani. Mimi nilianza kujibu kwa ukali kutoka palepale nilipokaa, na jambo hilo bado linanichoma.

Siku moja nilipoingia aliniuliza, kwa Kiha, maana akiongea nami hakuwahi kutumia lugha nyingine:

"Ile mashine yako imekufa?"

"Haijafa, mama. Inafanya kazi sasa hivi."

"Basi mbona siisikii?"

Nikamweleza habari za bloki na shaba na maji yanayozunguka. Alisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyosikiliza mahubiri ya mgeni.

"Mwana wanje," akasema, yaani mwanangu, "mimi sina macho. Ile ikinguruma nilijua upo. Ikizima nilijua umekwenda kula, nami nasinzia. Sasa sijui. Kwetu Makere mtu akipita nyuma ya nyumba ya mwenzake anakohoa. Anayepita kimya ni mwizi. Wewe umekuwa mwizi kwenye nyumba yako mwenyewe."

Alisema kwa kutania, na nikacheka, kisha nikaenda kusimama uani nyuma ya jiko kwa muda. Kila mtu alikuwa amemtetea mama dhidi ya kitu kilichokuwa kinamliwaza.

Niliporudi nilimwambia nitairudisha feni. Akakataa. Aliogopa mashine itaungua, na bila mashine tutakula nini. "Wewe ongea tu," akasema. "Nikusikie."

Mimi si mtu wa maneno. Watu wanaofanya kazi yangu wanazoea kusikiliza wengine wakiongea kwenye spika. Nilikaa nikaangalia kioo, nikaona aibu, kisha nikaanza kusema ninachokiona. "Mama, sasa bibi harusi anaingia. Anatembea polepole mno, hawatafika leo." Halafu kutoka juu ya ukuta: "Mwache. Mimi mwenyewe nilitembea hivyohivyo." Siku iliyofuata akaniuliza wamefika wapi.

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Nilimkatia keki kwa maneno, nikamhesabia mashangazi waliovaa sare na yule mmoja aliyekataa. Alikuwa ananirekebisha. Nikisema wazee wa upande wa bwana harusi wamenuna, anasema hawajanuna, wana njaa, rudisha nyuma uone kama chakula kimeshatoka. Narudisha; hakijatoka. Mazishi hakutaka nimsimulie, na sikuwa na moyo huo pia. Siku za mazishi nilimwambia tu hali ya hewa. Alinieleza mambo ambayo hakuwa amenieleza miaka yote, jinsi baba alivyochelewa kwenye harusi yao kwa sababu ya ng'ombe aliyekwama kwenye matope, na jinsi alivyomchukia siku ile nzima. Feni ile ingekuwa bado inanguruma, nisingesikia hata neno moja. Hilo nalo ni kweli, wala sijui niliweke wapi.

Kisha sauti yake ikapungua. Alijibu kwa "ego" tu, yaani ndiyo, halafu kwa kuguna. Niliendelea, maana aliniomba niongee, hakuniahidi kujibu.

Alasiri moja nilikuwa na harusi ya Munanila. Mjomba wa bibi harusi alishika kipaza sauti kutoa nasaha, akaanza kulia kuliko mama mzazi, akawa anajifuta kwa tai yake. Nilimsimulia mama yote, na nilisimulia vizuri, nilikuwa nimeshajifunza. Nilimweleza jinsi emsii alivyojaribu kumnyang'anya kipaza sauti, na watu walivyomzomea emsii. Nikangoja aseme kitu. Nikadhani amesinzia, basi nikateremsha sauti lakini sikunyamaza, ili akizinduka ajue nipo.

Nilipogeuka, dada alikuwa amesimama mlangoni pangu na bakuli la uji wa mama, bado limejaa. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Uji ulikuwa umeshaganda utando juu. Alikuwa ametoka kwa mama akaja kuniambia, akanikuta bado naongea naye, akashindwa kunikatiza.