Siku Vijana wa Nywele Ndefu Walipobatizwa Gesima

Juma lililopita mjukuu wa kaka yangu alikuja kunitembelea kutoka Nairobi. Akaketi kwenye kiti changu kizuri, simu mkononi, uso kama wa mtu aliyetoka matangani.

"Shosh," akasema, "hawa watu wameniangusha."

Hawa watu ni bendi fulani ya ng'ambo, ya muziki ule ambao gitaa hulia kama mbao zinapasuliwa kwa msumeno. Wametoa albamu mpya, na badala ya kelele aliyoizoea wameweka fidla, filimbi, hata kwaya ya watoto. "Wamelainika kabisa. Wameisha."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kilio hicho nilishakisikia, kwenye chumba hichohicho, kutoka kwa babu yake.

Lazima ujue kwanza kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Wenzangu wameona Mombasa. Mimi hata Kisii mjini hunichosha kabla ya saa sita. Ni ugonjwa wa kuzaliwa. Miaka ile ya sabini, nikiwa msichana wa shule ya msingi, adui yangu mkubwa duniani alikuwa majani chai. Asubuhi za likizo nyumba nzima ilishuka shambani na vikapu mgongoni, umande unakulowesha mpaka kiunoni, vidole vimekufa ganzi, na mama anakuhimiza uchume majani mawili na chipukizi, si matawi. Kwa hiyo gramafoni ilipoingia nyumbani, mimi niliiona kama mkombozi.

Kaka ndiye aliyeinunua. Alikuwa akiuza dukani mjini na kurudi nyumbani mwisho wa juma. Ilikuwa ya betri, na ilikuja na santuri moja ya nyimbo za injili, kwa hiyo baba, mzee wa kanisa la Sabato na mwalimu wa kwaya, akaipa heshima ya meza ya sebuleni, na mama akaifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Shida ilikuwa kuku. Kuku wetu waliingia sebuleni kama wenye nyumba, na mmoja alikutwa amesimama juu ya santuri, akiitazama sindano kwa jicho moja. Ikaamuliwa mtu abaki nyumbani kuilinda. Nikajitolea kwa sauti ya huzuni, kama mtu anayekwenda vitani.

Nilikuwa mlinzi mwenye furaha kuliko wote Gesima. Kisha kaka akaleta santuri ya pili.

Alipewa na mwalimu mmoja Mzungu, kijana, aliyemfundisha hesabu sekondari. Kwenye jalada walikuwa vijana wanne wenye nywele hadi mabegani. Mama aliwahurumia, akidhani wamekosa mtu wa kuwanyoa. Kaka akaweka sindano. Masufuria yakatetemeka ukutani. Baba akatokea mlangoni na jembe lake.

"Hawa wanagombana na nani?"

"Ni muziki, Tata," kaka akamwambia baba.

"Muziki una mwanzo na una amina. Hii ni mashine ya kusaga iliyomeza msumari."

Lakini nyuma ya baba akaja magokoro, nyanya yetu, mama yake baba, kutoka jikoni kwake, mwiko bado mkononi. Akasukuma watu, akaketi karibu kabisa. "Rudia," akaniambia. Nikarudia. Akafumba macho.

"Hii ni obokano," akasema. "Wazungu wametuibia obokano."

Obokano ni zeze letu kubwa la nyuzi nane, lenye mngurumo mzito unaousikia tumboni kabla haujafika masikioni. Babu, mume wa magokoro, alikuwa fundi wake. Alipigia arusi na pombe za ukoo mzima. Alipobatizwa akaambiwa aliache, akalitundika jikoni juu ya moshi. Nyuzi zikaoza. Wakati wangu, kuku mmoja alikuwa akitagia ndani yake, na sijui kama mayai yale yalikuwa na ladha ya dhambi, maana niliyala kwa wingi.

"Mama, usilinganishe," baba akasema.

"Wewe ulilala ndani ya sauti hii ukiwa mgongoni kwangu. Sasa unaiogopa?"

Baba akamgeukia kaka. "Hawa watu wanajua kitu kimoja tu, kupiga kelele. Ukileta santuri yao nyingine ya namna hii, gramafoni inakwenda sokoni Keroka, na huyu," akaninyooshea kidole, "anarudi kwenye majani."

Unaona basi mambo yalivyokuwa. Maisha yangu yote yalikuwa mikononi mwa vijana wanne wasionyoa nywele.

Mwalimu yule alipotoka likizo kwao, alimletea kaka santuri mpya ya vijana walewale. Kaka angeweza kuificha, lakini kaka alikuwa na kiburi cha mshahara. Jumapili baada ya chakula tukakusanyika. Nilisali sala ndefu kuliko zote nilizowahi kusali kanisani, nikaweka sindano.

Ikalia filimbi. Filimbi peke yake, kama ya mchunga ng'ombe upande wa pili wa bonde. Zikafuata fidla, kisha kinanda, kisha yule kijana wa kupayuka akaanza kuimba taratibu, sauti ya mtu anayemwomba mama yake msamaha. Baba akaweka kikombe chini. Wimbo ulipokwisha akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hawa sasa wamepata mafundisho. Wimbo huu hata kwaya yangu ingeweza kuuimba."

Mimi nikapumua. Lakini kaka! Kama ungemwona kaka. Muziki wake wa ukaidi umesifiwa na mzee wa kanisa. "Wameharibika," akanong'ona, "wameharibika kabisa."

Magokoro naye akamtazama kijana wa kwenye jalada kwa masikitiko makubwa. "Yaya, hapana," akasema, "na hawa nao wamebatizwa?"

Nikageuza santuri upande wa pili.

Huko ndiko walikokuwa wamejificha. Mngurumo ukaja polepole, chini kabisa, fidla zikielea juu yake, ngoma ikaingia, na masufuria yakaitikia. Magokoro akasimama na magoti yake mabovu, mabega yakaanza kucheza yale ya zamani. Sisi wote tukamtazama baba. Alikuwa ametangaza mbele ya mashahidi kwamba hawa watu wamepata mafundisho; angeanzia wapi kuyafuta? Akakaa wima, Biblia mapajani, uso wa jiwe. Ila mguu wake wa kulia, ndani ya kiatu cha Sabato, ulikuwa ukipiga sakafu, sawasawa na ngoma.

Magokoro akauona. "Mwacheni," akasema, akiendelea kucheza. "Mguu huo ni wa baba yake."

Gramafoni ikabaki, nami nikabaki nayo. Kaka aliitukana filimbi ile mwaka mzima, mpaka alipomleta nyumbani msichana mmoja kutoka Nyamache, na wimbo aliotaka nimwekee haukuwa wa kelele, nakuhakikishia. Msichana huyo ndiye nyanya ya kijana huyu anayeomboleza kwenye kiti changu.

Leo wote hawapo. Jiko la magokoro lilibomolewa, obokano ikaliwa na mchwa, na katika mtaa wetu sijui mtu anayeweza kuifunga nyuzi. Hata majani chai yananitazama kwa mbali tu, tumezeeka, hatuchokozani tena.

"Hebu niwekee hiyo albamu iliyoharibika," nikamwambia kijana.

Akaweka, akinuna. Fidla zikalia, watoto wakaimba, kisha chini kabisa mngurumo ukaanza kuja. Alikuwa bado anaeleza jinsi walivyoisha. Nikachungulia chini ya meza, nikauona mguu wake wa kulia.

Nikamwacha aendelee kulalamika.