Kocha wa Kupangiwa Kikosi

Kikosi changu kilikuwa kinapangwa kwenye kahawa. Mimi, niliyecheza kiungo ligi kuu kwetu Kenya mpaka goti likagoma, mimi mwenye cheti cha ukocha nilichokitolea jasho, nilikuwa naletewa majina yakiwa tayari! Timu ilikuwa ya mtaa, hapa Mabela, Maskati, ya ukoo mmoja wa Waomani waliotoka Unguja. Mlezi wake alikuwa mzee mstaafu wa serikali, mkarimu ajabu, na wachezaji karibu wote walikuwa watoto wa nduguze. Kumweka mmoja benchi ilikuwa sawa na kumtukana mamake.

"Mwalimu, huyu mtoto wa dada yangu aanze," ananiambia huku akinisogezea haluwa. "Nnakuomba."

"Lakini mzee, hakimbii. Anatembea tu uwanjani."

"Atakimbia, inshallah."

Hakukimbia hata siku moja. Nilikuwa narudi chumbani kwangu Hamriya nimefura kwa hasira. Sasa kocha waliniitia nini?

Mchana nilikuwa nasimamia watu wanaobeba vyuma kwenye jimu moja ya Azaiba. Mmoja wao, bwana mwenye sauti katika klabu ya ligi, akaniambia wanatafuta kocha msaidizi. "Ijumaa ntakuja nikuone unavyofundisha," akasema. Weeh! Usingizi ulinihama. Miaka yote hiyo nilikuwa nangoja mtu mmoja tu anitazame kama kocha.

Nikamwendea mzee, nikamsihi Ijumaa hii tu aniachie nipange mwenyewe. Akaweka mkono kifuani. "Wallahi mwalimu, hii yako."

Ijumaa nafika uwanjani, namkuta mpwa keshavaa jezi namba kumi, anapigwa picha. Mamake ameleta sambusa za timu nzima. Mzee akakwepa macho yangu. Ningesema nini mbele ya mama wa watu na sinia lake?

Kipindi cha kwanza tukapigwa mawili. Mpwa alipewa pasi safi, akasimama kutengeneza nywele. Jamani, nywele! Damu ikanichemka. Mechi ilikuwa ya kirafiki, hakuna wa kunizuia, basi wakati wa mapumziko nikamvua ile jezi nikaivaa mwenyewe.

Goti lilinipigia kelele, nikaliambia lingoje. Nikatoa pasi, tukapata moja. Nikatoa nyingine, tukasawazisha. Mwisho nikaona upenyo, nikapiga kwa kushoto, wavu ukatikisika. Ukoo mzima ulinivamia. Mzee alilia kwa furaha, na hata mama wa mpwa alipiga vigelegele. Nami, sitaficha, nilifurahi hadi nikasahau nani alikuwa ananitazama.

Yule bwana wa klabu akaja mbio, mkono mbele. "Mashallah! Mpira bado umo mguuni!"

"Shukran. Sasa ile kazi…"

"Kazi gani? Ah, ukocha! Kocha tutapata tu. Sisi tuna timu yetu ya wakongwe, tunacheza kila Alkhamisi. Wewe ndiye tunayekutaka."

Nyuma yake, kwenye kiti cha kocha, mpwa alikuwa amekaa anakula sambusa. Alikuwa amekaa pale kipindi chote cha pili, na timu ilikuwa imeshinda.