Minza Alipoligawa Darasa

Mke wangu Minza hajui kufundisha ametulia. Akieleza jinsi mvua inavyobeba udongo, huinama, hukimbia, mara yeye ni maji, mara yeye ni mteremko. Ni mkufunzi wa chuo cha kilimo hapa Bariadi, mfupi, mwenye sauti ya kufukuzia ng'ombe. Akiniita kunywa chai, majirani huitika. Mimi ni fundi cherehani, niliishia darasa la saba, na maneno yangu mengi huyasema yeye.

Mwaka huu alikuwa akimalizia shahada ya uzamili, amebakiwa na utafiti. Alitaka kujua wanachuo huelewa zaidi wakifundishwaje. Akaligawa darasa. Upande mmoja ukae ndani, yeye aseme, wao wasikilize na kuandika kama ilivyo desturi. Upande wa pili ukae nje kwenye banda, upewe swali, wabishane wenyewe. Kisha wote wafanye mtihani mmoja. Sharti lilikuwa pande hizo zisiingiliane. Zikichanganyika, utafiti umekufa, na msimamizi wake, Dokta Januarius, angekuja Ijumaa kukagua.

"Zisiingiliane!" aliniambia akinionyesha mwiko wenye ugali. "Umesikia, baba Wema?"

Nilisikia. Ila yeye alisahau jambo ambalo mtu aliyezaliwa Bukundi, Usukumani, haruhusiwi kulisahau. Kwetu ngoma huchezwa na pande mbili, Bagika na Bagalu, uwanja mmoja, wakati mmoja, na mshindi ni yule anayevuta watazamaji. Ukiwagawa Wasukuma pande mbili, umeita ngoma.

Haikupita siku, wa nje wakajiita Bagalu na wa ndani wakawa Bagika. Bagalu wakatunga na wimbo:

"Bagika wamefungwa kama mbuzi mnadani,
wanasubiri kutupiwa majani!"

Mama lishe wakaacha masufuria. Bodaboda wakaegesha pikipiki. Wote wakalizunguka banda kutazama watu wanavyogombana kuhusu matuta ya kuzuia maji. Ndani, madirisha yakabaki matupu.

Jioni Malimi, dada mrefu kutoka Mwanhuzi aliyewaongoza Bagika, akaja nyumbani, akasalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, Madamu. Tunaaibika."

"Mhadhara hamuuelewi?"

"Tunauelewa, lakini hakuna anayetutazama!"

"Mhadhara hautazamwi, Malimi!"

"Ndiyo maana tunashindwa." Akanigeukia. "Shemeji, wewe uko upande gani?"

Nikaitazama cherehani.

"Huyu ni wa Bagalu," akasema. "Angekuwa wetu angejibu."

Ijumaa Dokta Januarius akafika, koti limebana, uso kama wa hakimu. Akakaa nyuma ya darasa la ndani. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai ya mgeni, nikiomba Mungu. Minza akaanza kwa upole, Bagika wakaandika, vichwa chini. Nikadhani tumepona.

Ghafla banda likalipuka kwa makofi. Bagalu walikuwa wamejibu swali lao. Malimi akaweka kalamu chini.

"Samahani, Madamu."

Akavuta jembe kutoka chini ya meza. Wenzake nao wakavuta yao! Majembe yakarushwa juu, yakadakwa, yakazungushwa, bugobogobo kamili, ngoma yetu ya majembe, na wimbo wake ulikuwa somo lenyewe: mteremko, matuta, nyasi za kukinga, mizizi inayoshika ardhi. Watazamaji wakalikimbia banda, wakajaa madirishani. Bagalu walipoona wameachwa, wakaja nao.

"Matuta hayalimwi hivyo!" mmoja akapiga kelele dirishani.

"Yanakinga mteremko, kichwa ngumu! Ingia nikuonyeshe!"

Akaingia. Wakaingia wote. Wakachanganyika kama makande.

Minza akaegemea ubao. "Dokta, nisamehe. Utafiti umekufa."

Kiti cha dokta kilikuwa kitupu. Yeye alikuwa katikati ya majembe, koti begani.

"Hawa ndio Bagika?" akauliza.

"Ndio," akajibu Minza.

"Kwetu Sola sisi ni Bagalu, mayu. Na Bagalu hawajashindwa!" Akadaka jembe la mtu.

Alipokuja kukaa, jasho lilimtiririka. Nikampa chai. Minza alikuwa bado ameushika ubao.

"Ule utafiti ulioandika umekufa kweli," dokta akasema. "Pande zimechanganyika, siwezi kuficha. Lakini wale wa ndani wameimba somo zima bila kufungua daftari. Nani kawafundisha kuimba?"

"Hakuna. Wamejifundisha wenyewe, wakikwepa kushindwa."

"Basi tafiti hilo. Ngoma ya mashindano inafanya nini darasani? Badilisha swali, mimi nitalipitisha. Ila mtihani asahihishe mwingine, mimi nina upande."

Minza akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Maswa. Mkuu wa chuo akatoka ofisini mbio.

"Kuna nini? Nani anaolewa?"

"Utafiti, Mkuu!" akajibu Malimi.

Mkuu akayatazama majembe, akamtazama dokta aliyevua koti, kisha akasogea karibu yangu na kuninong'oneza, "Samahani, sisi Bagika tuko upande gani hapa?"