Fremu Kumi na Mbili za Mpini wa Jembe

Baba yangu alimvunja jirani yetu mkono kwa fremu kumi na mbili. Najua kwa sababu nilizichora mimi, picha moja moja, kwenye kompyuta yangu chumbani Ipogolo, mjini Iringa: mpini unapanda, unatulia juu kidogo, unashuka, mfupa unalia. Ni nusu sekunde tu. Mkono wenyewe ulikaa miezi bila kupona, na hadi leo haunyooki.

Niseme mapema, maana sipendi kuzungushana: maji niliyafunga mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu ni bondeni kwenye mpunga, ukishaipita Chimala, na maji ya mfereji ni ya zamu. Zamu yetu siku ile ilianza alfajiri. Baba aliniacha nilinde upenyo unaoingiza maji kwenye majaruba yetu ya mpunga, akaenda kupalilia upande wa pili. Mimi nikaona kambale. Watoto wa kule wote wanaujua mchezo huo: unaziba upenyo kwa tope na majani, maji yanapungua, kambale anabaki anahangaika kwenye kidimbwi, unamkamata kwa mikono. Nikaziba. Nikapata wawili, nikakimbilia nyumbani kuwachoma, na tope nikaliacha palepale.

Niliporudi, jua limepanda, Baba amesimama kwenye majaruba makavu. Akaniuliza, "Nani kafunga maji?" Jirani alikuwa anapita ng'ambo ya mfereji na beleshi begani. Nikamnyooshea kidole. Hata neno sikusema.

Baba hakwenda kumuuliza mtu. Alivuka mfereji akiwa na jembe lake, akalishika upande wa chuma, akampiga jirani kwa mpini. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili lilikutana na mkono aliouinua kujikinga, na ule mlio ninao masikioni mpaka leo. Jirani akaanguka kifudifudi kwenye matope. Baba akampanda mgongoni, akamshindilia uso majini, mapovu yakatoka. Jirani akajipindua, akaliokota beleshi kwa mkono mzima, akampasua Baba juu ya jicho, damu ikamwagika usoni hadi shati likabadilika rangi. Walihitajika wanaume watano kuwaachanisha. Mimi nilisimama ukingoni, mdomo unanuka samaki wa kuchoma.

Baba alifungwa miaka mitatu. Alipotoka hakumpa jirani shikamoo tena, na jirani ni mkubwa kwake. Huku kwetu kumnyima mkubwa shikamoo ni kumtukana, na Baba alimtukana hivyo kwa miaka ishirini na mbili, wakipishana mferejini kila leo, akiamini yule mzee ndiye aliyetukaushia mpunga. Mimi nikajitia hamnazo. Nikasoma, nikajifunza kuchora katuni za kwenye tovuti, nikahamia Iringa.

Sasa basi, ofisi moja ya Mbeya inayofundisha wakulima kugawana maji ikanipa kazi. Walitaka ukurasa wa kwenye mtandao unaoonyesha ugomvi wa zamu, mtazamaji abofye mtu na kuuona ugomvi kwa upande wa mtu huyo. Dada aliyekuwa anaisimamia kazi aliomba kisa cha kweli, kisicho na majina. Mdomo wangu hauna breki. Nikasema ninacho.

Kazi za namna hii zina uamuzi mmoja unaoufanya mwanzoni, ukikosea utalia baadaye. Ni mstari wa muda, pale unapopanga kipi kitangulie na kipi kifuate. Unaweza kuwa na mstari mmoja mkuu, watu wote wakaingia humo kwa zamu, huyu akimaliza yule aanze, na mtazamaji akibofya anarukia sehemu ya mstari uleule. Au unampa kila mtu mstari wake, unaanza pale anapobofywa, wengine wawe wanafanya lolote. Ule mmoja unachosha kutengeneza, ukigusa kitu kimoja vyote vinasogea. Mistari mingi ni rahisi, ila watu wake hawangojeani.

Yule dada alitaka mmoja. Alisema ugomvi ni huyu kapiga, yule kaanguka, utautenganishaje? Nikambishia kwenye simu siku tatu. Nikamwambia mtandao wa vijijini ni dhaifu, vipande vidogo vitafunguka haraka, na kurekebisha kimoja hakuharibu kingine. Sababu zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Yangu ni kwamba mstari mmoja una mwanzo, na mwanzoni pale alikuwepo mtoto wa kike mwenye tope hadi kwenye viwiko.

Nilijaribu kuuanza na Baba. Akaonekana mnyama anayevamia mtu njiani. Nikajaribu kumchora jirani anaziba maji, mkono ukakataa, nikatupa kikombe cha chai ukutani kikapasuka vipande. Dada akapiga simu saa hiyohiyo kuulizia kazi, nikamtolea maneno ambayo nayaonea aibu. Mwishowe akachoka, akaniachia. Watu watatu, mistari mitatu. Mtoto wa ukingoni nilimpa mstari mfupi kuliko wote: anageuza shingo, anapepesa macho, basi.

Tukaenda kuuonyesha Chimala, kwenye ukumbi wenye mabenchi, picha ikirushwa ukutani kutoka kwenye kishikwambi. Baba nilimwalika mwenyewe, kwa ujinga wangu, nikitaka ajivunie mwanaye. Sikuuliza nani mwingine kaalikwa. Jirani aliingia na wazee wa kamati ya maji, akakaa benchi la mbele. Baba alipomwona akahamia la mwisho.

Dada alimwita jirani aanze kubofya kwa kuwa ndiye mkubwa pale. Mzee akasimama mbele ya picha ukutani: mtu mwenye jembe, mtu mwenye beleshi, mtoto. Akatazama kwa muda mrefu. Alielewa, na wote wa rika lake walielewa. Akambofya mwenye beleshi kwenye kishikwambi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio ule usionyooka.

Ukutani mtu akatembea. Akainua mkono. Mkono ukavunjika kwenye kiwiko, akaanguka kwenye matope, mapovu yakatoka. Karibu yake hapakuwa na mtu. Baba yangu wa ukutani alikuwa ng'ambo ya mfereji, ameegemea jembe lake, anapumua taratibu, kwa sababu hakuna aliyembofya.

Watu wawili watatu wakacheka. Mzee akabofya tena, akaanguka tena. Akabofya mara ya tatu, na safari hii hakuna aliyecheka. Akanigeukia.

"Binti," akasema, "mbona naanguka peke yangu?"

Miaka yote ile nilidhani nimemsingizia tu kufunga maji. Kumbe hata kupigwa kwake nilikuwa nimemnyang'anya, nimemwacha na mkono uliovunjwa na hewa.

Nikaomba watu wakale kwanza. Wali ulikuwa tayari nje. Nikabaki ndani na kompyuta, nikaivunja kazi ya miezi miwili. Niliing'oa mistari yote mitatu, nikaweka mmoja. Vipande vilikuwepo, vilingoja kupangwa tu, isipokuwa kimoja ambacho sikuwahi kukichora. Nilikichora palepale, vibaya: mtoto anaziba upenyo, anakamata samaki, anakimbia, anarudi, ananyoosha kidole. Nikakiweka mwanzo kabisa. Baada ya kidole, mpini. Kisha nikatoka nje nikawaomba Baba na jirani waingie, hao tu, mmoja baada ya mwingine, na nikamwomba dada asimame mlangoni.

Walisimama mbali mbali. Nikabofya. Mtoto akachota tope, akakimbia na samaki. Kidole kiliponyooka, Baba aliacha kutazama ukuta, akanitazama mimi. Mapigo yake mwenyewe hakuyaona. Alinifikia kwa hatua tatu akanipiga kofi ambalo sikuwahi kupigwa hata nilipokuwa na miaka tisa. Sikio likavuma, nikaonja damu. Akanishika kola, akainua mkono mara ya pili, na uso wake ndio uleule niliouona siku ile mferejini.

Mkono haukushuka. Jirani alikuwa ameudaka kwa nyuma, kwa mkono wake wa kushoto, nao una nguvu, umefanya kazi ya mikono miwili miaka ishirini na mitano.

"Siku ile mimi hukuniuliza," akamwambia. "Huyu muulize kwanza."

Baba alivuta mkono, haukutoka. Alivuta tena. Walihema wote wawili, wazee watu wazima, na mimi katikati na kola yangu imechanika. Kisha Baba akaniachia. Akaniuliza kwa maneno yaleyale.

"Nani kafunga maji?"

"Mimi, Baba."

Baba akaitazama kola yangu iliyochanika. Halafu, mkono wake ukiwa bado umeshikwa, akamgeukia yule mzee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Jirani hakuitikia. Alikuwa anatazama ukutani nyuma yetu. Kwa haraka yangu nilisahau kuuwekea mstari mwisho, na ulipofika ukingoni ukarudi mwanzo wenyewe: mtoto akachota tope, akakimbia, akarudi, akanyoosha kidole, mpini ukaanza kupanda.

"Kwanza simamisha hiyo," akaniambia.

Nikausimamisha mpini ukiwa bado juu. Ndipo akauachia mkono wa Baba, akasema marahaba.