Kava la Pijo

Mimi kaka yangu Luka nampenda, tumenyonya ziwa moja, lakini mwaka jana alinitia kinyaa mpaka chakula cha nyumbani kwake kikawa hakinipiti kooni. Na chanzo chote ni gari. Tena si gari jipya. Ni Pijo 504 nyeupe, ya enzi zile ambazo sisi tulikuwa bado tunachunga mbuzi.

Luka alikuwa dereva wa serikali. Aliwaendesha wakubwa tangu ofisi zikiwa chache hapa Dodoma mpaka zikajaa. Alipokaribia kustaafu, Pijo aliyoizoea ikapigwa mnada, akainunua, akaipeleka kwake Miyuji na kuikarabati bolti kwa bolti. Hilo simlaumu. Wanachuo wanakuja kupiga nayo picha, na maharusi wanaikodi. Luka mwenyewe ni mtu wa watu, hanywi, hagombani na mtu, kanisani anaimba besi. Ukimkuta asubuhi na kitambaa chake begani, anafuta mikwaruzo ambayo wewe huioni, utasema huyu ni mstaafu aliyetulia.

Ila mama yetu, Bibi Yudith, alipokuja mjini kutibiwa macho, Luka alimtandikia nailoni kwenye kiti kabla hajamruhusu kukaa. Mama yake mzazi. Eti ni kwa sababu ya vumbi la safari. Mama akakaa juu ya ile nailoni, ikawa inapiga kelele kila akijisogeza, na akashukuru kwa lifti. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nikageukia dirishani nisije nikasema neno.

Sasa mwaka jana, upepo wa kiangazi ulipoanza kutumwagia vumbi, Luka akaingiwa na swali: gari alifunike au asilifunike? Hana gereji, gari linalala uani. Jamani, swali lile tulilila na ugali. Fundi rangi mmoja wa Ipagala alimwambia asithubutu kufunika, kwamba vumbi likiingia chini ya kava na upepo ukilitikisa, kava linageuka msasa na rangi inakwisha, na tena ukifunika na nailoni gari linatoka jasho na kutu inaingia. Fundi mwingine akamwambia afunike, jua la Dodoma halina huruma, dashibodi itapasuka. Luka akakosa usingizi. Akaliweka swali kwenye kundi letu la familia la wasapu na kutaka kila mtu atoe maoni. Germana, mkewe, akamshauri aliingize gari kitandani, yeye ahamie uani. Luka hakucheka.

Wiki hizohizo mama akapiga simu. Mama anaishi kijijini, mbele ya Kongwa, kwenye tembe, nyumba yetu ya asili yenye paa la miti na udongo. Tembe lina masharti yake. Kila mwaka kabla ya mvua, lazima mtu apande juu, abadili miti iliyoliwa na mchwa, aongeze udongo na kuushindilia. Usipofanya hivyo, mvua ya kwanza tu iko ndani. Mama alisema boriti ya upande wa kitanda imeinama, na udongo unamdondokea usoni akilala. Hakulalamika, aliuliza tu Luka atakuja lini. Nilitaka nimtafutie vibarua, akakataa. Kwake yeye, paa la mama linapandwa na mwanawe, na mwana wa kiume aliyebaki kwetu ni Luka peke yake.

Nikaenda Miyuji kumwambia ana kwa ana. Nilimkuta amepiga magoti na futi kamba, analipima gari. Alikuwa ameshaamua: kava la kushonwa na fundi maturubai, nje zito lisilopitisha maji, ndani pamba laini isiyokwaruza, kamba za kulibana lisipepee, na mifuko miwili ya kuvisha vioo vya pembeni. Alipima boneti, akapima mgongo, akapima mpaka hivyo vioo. Akikosea anarudia. Nikamweleza habari za boriti, akanijibu bila kuinuka.

"Paulina, udongo ni udongo, utarekebishwa tu. Rangi hii ikiharibika haipatikani tena."

Niliondoka hata chai ya Germana sikuinywa.

Mvua ikaanza. Matonya, jirani yake mama, akanipigia kwamba paa la upande wa kitanda limeshuka. Mama mzima, alikuwa ametoka kwenda kuwatazama mbuzi, lakini kitanda kimefukiwa. Na amekataa katakata kuhamia kwa watu. Amejibanza kona ya jikoni, anamngoja mwanawe. Nikampigia Luka. Akasema atakwenda mvua ikipungua, maana barabara ya kijijini ni tope tupu na gari ndiyo kwanza limetoka kung'arishwa.

Sikubishana naye. Nilikwenda Miyuji wakati yuko mazoezi ya kwaya. Germana alinikuta nafungua kamba za kava. Akanitazama, akashika upande wa pili, tukalikunja wote wawili. Nikapanda nalo basi la Kongwa.

Matonya na wanawe walitoa miti iliyovunjika, wakasimika nguzo, wakalitandaza kava juu ya lile pengo na kulibana kwa kamba zake zilezile. Lilienea vizuri kabisa. Ile mifuko miwili ya vioo ikaning'inia ukutani kama masikio ya mbuzi. Mama akauliza hiki ni kitu gani, nikamwambia ni cha Luka, kimeshonwa kwa fundi mjini. Huo si uongo.

Kesho yake, mvua ikinyesha vilevile, nikasikia mngurumo wa Pijo. Kumbe lile tope linapitika. Gari lilikuwa limetapakaa matope hadi madirishani, na Luka akashuka amevimba, salamu hana. Akaliona kava lake juu ya paa. Akanitazama kama anayemtazama mwizi, akaenda moja kwa moja kwenye kamba ya pembeni, akaanza kufungua fundo.

Mama akauliza kutoka ndani kama huyo ni Luka. Luka akaiacha kamba, akaingia ameinama, akampa shikamoo. Mama, ambaye siku hizi anaona ukungu tu, akaupapasa mkono wa mwanawe, akauinua mpaka ukaligusa kava. Paa la tembe ni fupi, halisumbui kulifikia.

"Mungu akubariki, mwanangu," mama akasema. "Kimeenea, halidondoki hata tone. Sasa ulikuja lini kupima, mbona sikukusikia?"

Mvua ikawa inagonga juu yetu. Nilimwachia Luka ajibu mwenyewe. Nilitaka aseme neno moja la kweli, lolote lile, hata kama ni la kunisema mimi.

"Nilipima kwa macho, mama."

"Una macho mazuri. Mimi yangu yamekwisha."

Luka akainamisha kichwa, mama akamwekea mkono na kumwombea. Akazipokea zile baraka zote, hata hakutikisika. Baada ya hapo angelivuaje kava mbele ya mama? Likabaki palepale juu ya paa mpaka leo, na swali la kufunika au kutofunika likaishia hapo.

Mimi nilitoka nje nikatema mate. Pijo ilikuwa wazi, mvua inaipiga. Nikachungulia dirishani. Kumbe Luka alikuwa amepanga kurudi na mama mjini, na kiti cha mbele kilikuwa kimeshatandikwa nailoni.